Usiku wa Jumanne

Tarehe tisa Septemba nilifiwa na mume wangu. Alifia Mombasa, hospitalini, asubuhi, na siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri akazikwa huko huko. Kutoka Amu, kisiwani Lamu, kwenda Mombasa ni mashua mpaka bara, kisha basi la kutwa nzima. Habari ilipotufikia mtaani kwetu Mkomani, hata kama tungetoka bila viatu tusingewahi.

Aliyempeleka na kuwa naye ni kaka yangu. Mimi nilibaki nyumbani na Mama, yaani mama yake mume wangu, kwa sababu wiki ile magoti yake yalikuwa yamefura na hakuna mwingine wa kumshika kwenye ngazi. Mama aliagana na mwanawe mlangoni. Mume wangu alibeba begi dogo, akasema Ijumaa atakuwa amerudi. Mama aliona mgongo wake na lile begi mpaka walipokata kona, na hilo ndilo la mwisho aliloliona.

Mazishi yalisimamiwa na Ami, ndugu wa baba yake mume wangu, ambaye ana nyumba Mombasa, Mji wa Kale. Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana namteta.

Nikakaa eda. Watu walikuja wakalia, wakanitazama usoni kuona kama nami nalia. Sikulia. Si ushujaa. Machozi yangu hayatoki mbele ya watu, na watu walikuwa hawaondoki. Jirani mmoja aliniambia nina moyo mgumu, kisha akaniuliza kama halua imekwisha.

Eda ilipokuwa inaelekea mwisho, Mama aliniambia anataka kwenda kuona pahala. Hakusema kaburi. Alisema, "Mtu ametoka na begi. Nataka nione pahala alipowekwa." Nilimpigia simu Ami, nikampa Mama azungumze.

"Shemeji, nataka nije nikaone pahala pa mwanangu."

"Karibu Mombasa, nyumba ni yako," Ami akasema. Anazungumza kwa sauti kubwa, nilisikia kila neno. "Lakini makaburini wanawake hawaendi. Muombee huko huko. Dua haina nauli."

"Haya," Mama akasema, akanirudishia simu. "Ameniambia dua haina nauli. Mimi nauli ninayo."

Mimi mwenyewe sikutaka kwenda. Nilikuwa naogopa, wala sijui nilikuwa naogopa nini, maana lililokuwa la kuogopwa lilikuwa limeshapita. Lakini Mama alikuwa anataka, na asingeweza kwenda peke yake.

Shida ilikuwa pa kulala. Mtu wa Amu mwenye jamaa Mombasa halali kwingine. Akilala kwingine maana yake wamegombana, na kama hawakuwa wamegombana, basi siku hiyo watagombana. Na tukilala kwa Ami tulijua yatakayotokea. Wangekuja watu kutupa pole tangu asubuhi, ingepikwa biriani, wangelia, tungelia nao, na Ami angekaa kwenye baraza ya mlango wake na tasbihi mpaka siku yetu ya kurudi. Tusingetoka.

"Tutalala hoteli," nikamwambia Mama.

"Juu ya meza?"

Kwake hoteli ni pahala pa chai na mahamri. Kaka yangu alikuwapo, akataka kumfafanulia, akasema, "Si hoteli ya chakula, Mama. Ni lojing'i."

"Neno hilo usilitaje ndani ya nyumba hii. Mna mjane humu."

Kuanzia siku hiyo tuliiita "ile nyumba."

Kaka ndiye mtaalamu wetu wa hoteli. Anafanya kazi Shela, kwenye nyumba ya wageni, anatandika vitanda na kufunga vyandarua. Ametandika vitanda vingi sana, hajapata kulalia hata kimoja. Kila alipopata nafasi alikuja Mkomani, tukakaa watatu juu ya mkeka tukitazama picha za hoteli za Mombasa kwenye simu yake. Tulitaka ya bei ndogo, iliyo mbali na Mji wa Kale, pahala ambapo hakuna mtu wa Amu wa kutuona tunaingia na kumpelekea Ami habari kabla hatujavua viatu.

Kaka alikuwa anazisoma picha kama daktari. "Hiki ni chumba kimoja," alisema. "Wamekipiga picha kona nne waonekane wana vinne." Pengine alikuza picha kwa vidole. "Unaona hawa bata? Hizi ni taulo. Bata mmoja anakula taulo moja. Hapa bata ni mmoja na vitanda ni viwili."

"Mwengine atajifuta nini?" Mama akauliza.

"Atamsubiri mwenzake."

Hatimaye alipata moja, upande wa Mwembe Tayari, yenye bata wawili. Akasema nipige simu mimi, kwa sababu yeye akizungumza na watu wa hoteli hujisahau akawaambia karibuni sana.

Simu ilipokewa na msichana. Lafudhi yake ilikuwa ya bara na adabu yake nzuri. Nilimuuliza kama chooni kuna maji na kopo. Akasema maji yapo na kopo litatafutwa. Nikamuuliza kibla kiko upande gani.

"Kibla ni nini, mama?"

"Upande tunaoelekea tukisali."

"Hiyo mtaona mkifika."

Mama alikuwa amekaa karibu yangu. "Mwambie tini. Sipandi ngazi mimi."

"Tunataka chumba cha chini," nikasema.

"Chumba cha chini kiko, mama. Lakini kiko karibu na jenereta."

Mama akasikia. "Hiyo jenereta nayo ina magoti?"

"Tunakitaka," nikasema.

"Sawa. Mnakuja lini?"

"Usiku wa Jumanne na usiku wa Jumatano."

"Jumanne na Jumatano. Siku mbili. Mtume kidogo cha kukishikia chumba."

Tukatuma kwa simu. Akajibu kwa ujumbe kwamba tumekaribishwa. Kaka akausoma ule ujumbe mara mbili, akasema umeandikwa vizuri. Naye alikuwa ameomba ruhusa Shela: atoke Jumatatu, arudi Jumatano, kwa sababu ilikuwa Januari, wageni wamejaa, na tajiri wake hakumpa zaidi. Baada ya hapo ingekuwa Ramadhani, na baada ya Ramadhani masika. Kaka alisema kaburi lina kibao cha mbao tu. Mama alisikia habari ya kibao cha mbao, tangu hapo hakutaka kungoja.

Eda ilipokwisha, majirani tuliwaambia tunakwenda Mombasa. Huo ni ukweli. Hawakuuliza tutalala wapi kwa sababu hakuna anayeuliza. Mmoja alituletea kopo la achari ya ndimu tumpelekee mke wake Ami. Nililipokea. Likasafiri nasi mapajani mwa Mama njia yote, achari ya watu ambao hatukuwa tunakwenda kwao.

Tulifika Mombasa Jumatatu jioni. Tulipokuwa tunatembea kutoka kwenye basi, adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Ile nyumba ilikuwa nyembamba na ndefu, imepakwa rangi ya kijani. Msichana wa mapokezi ndiye yule yule, nilimjua kwa sauti. Alitazama kompyuta yake, akatutazama, akaitazama tena.

"Mama, nyinyi ni kesho."

"Ni leo," nikasema. "Usiku wa Jumanne."

"Leo ni Jumatatu, mama."

"Jumatatu imekwisha," Mama akasema. "Hukusikia adhana?"

"Adhana nimesikia."

"Basi. Usiku huu wa yeo ni wa nini?"

"Wa Jumatatu."

"Subhanallah. Mwanangu, Jumatatu imekwenda na jua lake."

Inafaa nieleze, kwa wasiolelewa hivi. Kwetu siku huanza jua likitua. Usiku hutangulia, mchana ukafuata. Usiku wa Ijumaa ni ule tunaosoma Yasini, Alhamisi ikishazama. Mtu akikwambia harusi ni usiku wa Jumapili ukaenda Jumapili usiku, utakuta wanaosha masufuria. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaohesabu vingine. Nilikuwa nimeona saa za simu zikibadilisha tarehe katikati ya usiku, nikidhani hiyo ni tabia ya simu.

"Jumanne inaanza saa sita usiku, mama," msichana akasema. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anajaribu kutusaidia.

"Saa sita za usiku kuna nini?" Mama akauliza. "Watu wamelala. Nani anaiona ikiingia?"

Msichana alifikiri. "Hakuna," akasema.

Kaka akajisogeza kwenye kaunta. "Dada, na mimi niko kwenye kazi hii hii."

"Basi unajua, kaka. Chumba kikiwa na mtu kina mtu."

"Najua," kaka akasema, akarudi nyuma.

Msichana alipiga simu hoteli mbili nyingine za pale karibu. Moja imejaa. Nyingine ina chumba ghorofa ya nne, na lifti imeharibika. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na kopo la achari mapajani. Alisikia ghorofa ya nne, akasimama.

"Twendeni kwa shemeji," akasema.

Habari ya ile nyumba niimalize hapa nisiirudie. Chumba chetu kilikuwa kimeshikwa kwa pesa zetu, kwa hivyo usiku uliofuata, ambao msichana aliuita wa Jumanne na sisi tunauita wa Jumatano, kaka alikwenda akalala peke yake. Asubuhi alitandika vitanda vyote viwili kabla ya kutoka. Alituambia jenereta inanguruma kweli, na bata wa taulo walikuwa wamekunjwa shingo ovyo.

Kwa Ami tulifika baada ya isha. Alitufungulia mwenyewe.

"Basi la Amu limeingia kitambo," akasema. "Mlikuwa wapi?"

"Tulipitia pahala," kaka akasema.

Mke wake Ami alitukumbatia, akalia, nasi tukapokea pole. Mama akampa achari. Alifurahi sana, akauliza habari za aliyeileta mpaka wajukuu zake. Wali ukapakuliwa. Nilidhani jambo limepita, tutalala, na kesho tutatafuta njia. Lakini Mama hajui kukaa na uongo tumboni akala juu yake.

"Shemeji," akasema, "mimi sikuja kwako. Nilikuwa nakwenda hoteli. Hoteli imejaa."

Ami aliweka tonge chini. "Hoteli?"

"Ya kulala. Kuna mtu chumbani mwetu."

"Mna nyumba Mombasa, mnakwenda kulala na wasafiri?"

"Nyumba ina mlango mmoja," Mama akasema, "na mlangoni unakaa wewe."

Mke wake Ami alinyanyuka kwenda kuleta maji, ingawa jagi lilikuwa limejaa. Ami alitazama sinia. Ni mtu mpole kuliko sauti yake. Nilimuona anatafuta maneno ambayo hayatamtoa kwenye alichokwisha kukisema.

"Mimi sikatazi mtu," akasema mwishowe. "Ila sipeleki."

"Sikuomba kupelekwa. Nina mtu wa kunionesha ndia." Akamtazama kaka yangu. Kaka akatazama wali.

Asubuhi, baada ya chai, tulivaa mabuibui tukatoka. Ami naye akatoka, na kanzu na bakora yake. Alikuwa nyuma yetu hatua chache.

"Unakwenda wapi, shemeji?" Mama akauliza bila kugeuka.

"Nakwenda zangu kununua mkate."

Duka la mkate tulilipita. Likafuata jingine. Tulipofika kwenye lango la makaburi Ami alisimama nje, akaegemea ukuta, akatoa tasbihi.

Kaka alituongoza ndani kwa hatua za mtu anayejua. Alisema kaburi liko karibu na mwarobaini. Tukaenda kwenye mwarobaini, akasimama kwenye kaburi moja lenye kibao, akasema, "Ni hapa." Mama akainama, akainua mikono, akaanza kusoma Fatiha.

Mimi nilisoma kibao. Shuleni nilifika darasa la saba, na darasa la saba lilitosha kuniambia kwamba jina lile ni la mwanamke.

"Mama, si yeye."

"Si yeye?"

"Ni Bi mwingine."

"Nimeshaianza," Mama akasema. "Naye ana haki yake." Akaimaliza.

Kaka alikwenda kwenye mwarobaini mwingine. Ilikuwa mingi, hilo hakuwa amelisema. Alikuwa anatembea kati ya makaburi, anasoma kibao, anarudi, anasimama. Vibao vingine havikuwa na maandishi tena kwa sababu ya mvua za vuli. Alikuwa amevaa shati lake jipya la safari na lilikuwa limeloa mgongo mzima. Tulikaa kwenye kivuli tukimtazama mpaka kivuli kikahama. Kisha akaja akasimama mbele ya Mama.

"Siku ile sikutazama," akasema. "Nilikuwa natazama miguu ya watu. Nilishindwa kuinua kichwa, Mama. Nisamehe."

Mama alikuwa anatazama makaburi yote, upande huu mpaka upande ule, taratibu. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anaona kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa: atarudi Amu akiwa amefika, na pahala asijue ni papi. Nilitaka kumwambia twendeni. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Kushoto!"

Ilikuwa sauti ya Ami, langoni. Alikuwa ametupa mgongo, anaitazama barabara.

Kaka akaenda kushoto.

"Kushoto kwangu!"

Kaka akageuka akaenda upande wa pili.

"Mbele! Usikanyage watu! Mbele tena!"

"Anazungumza na nani?" Mama akaniuliza.

"Na barabara," nikasema.

Tukamfuata kaka. Ami hakugeuza shingo hata mara moja, sijui alikuwa anatuonaje. Alisema tupite yale makaburi mawili madogo ya watoto, kisha tuelekee ukutani. Tulipofika ukutani likapita lori la mchanga, na baada ya lori likaja jingine. Tuliona mkono wa Ami unanyanyuka na bakora inaonesha upande, lakini alichosema hatukukisikia. Kaka akapaza sauti, "Wasemaje?" Ami akasema tena. Lori la tatu likapiga honi.

Ami alitia tasbihi mfukoni. Alitazama barabara upande mmoja, akatazama upande wa pili, kama kuna mtu wa msikitini kwake anayepita. Kisha akaingia.

Alikuja moja kwa moja, hakutafuta. Alisimama kwenye kaburi ambalo tulikuwa tumelipita mara mbili. Kibao chake kilikuwa cheupe, rangi ya maandishi yote imetoka. Juu ya mchanga kulikuwa na vijiti vya rehani, ule mmea wa kunukia, vilivyokauka, na chini ya vile vilivyokauka vingine vilivyooza, na juu kabisa kimoja ambacho bado kilikuwa na majani mabichi.

"Ni huyu," Ami akasema.

Mama hakuuliza kama ana yakini. Aliitazama ile rehani, akamtazama Ami. "Kitwa ki upande upi?"

Ami akaonesha kwa bakora, polepole, bila kugusa mchanga.

Mama akashuka chini. Nilimshika kiwiko, akanitoa mkono. Alikaa kabisa kwenye mchanga, buibui na yote, upande wa kichwa, akamsalimia mwanawe kama mtu anayeingia chumbani mtu amelala. Aliyosema baada ya hapo aliyasema chini chini na sikuyasikiliza. Nilidhani nitalia. Nilitazama mchanga, na ulikuwa mchanga. Nilisoma nilichoweza kusoma. Kaka alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Ami alisimama pembeni, akitutazama sasa, hakujificha. Mama alimaliza. Ami akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa chupa ya plastiki ya maji, ile ndogo ya dukani, imejazwa maji ya bomba. Akafungua kizibo, akamwagia kaburi kutoka kichwani mpaka katikati. Hapo akaacha. Akaitazama chupa, akampa Mama.

Mama akainuka kwa kushika mkono wa Ami. Alimwaga yaliyobaki kutoka katikati mpaka miguuni, taratibu, akaitikisa chupa mpaka ikaisha. Akampa kaka yangu chupa tupu. Kaka alitafuta pa kuitupa, hakupaona, akaishika mkononi, tukatoka.